Fundi wa fedha asiye na kibao, Mji wa Kale: nilimpelekea kombe la shoo lililopotea

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ahadi za tarehe, na hilo nitalifikia. Lakini mtu akiniuliza pa kupeleka kombe, mrashi, chetezo au kijaluba cha fedha kilichobonyea, namtuma kwa mzee huyu wala simtajii pengine.

Duka lenyewe halina kibao. Liko Mji wa Kale, Mombasa, katika vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, na njia ya kulipata ni kuwauliza wauza kahawa wa Ngomeni, "kwa fundi wa fedha ni wapi?" Utaelekezwa kwanza kwa masonara wa dhahabu wenye vioo na mataa. Wapite. Unatafuta mlango wa mbao uliofunguliwa ubavu mmoja, na ndani yake mzee aliyeinamia fuawe ndogo. Tuktuk haifiki, utatembea. Jina lake siliweki hapa kwa sababu mwenyewe hataki. Anasema wateja alio nao wanamtosha, na nikiitazama rafu yake ilivyojaa sina la kubisha.

Nilichompelekea ni kombe la shoo, yaani maonyesho ya kilimo. Watoto wa siku hizi ukiwatajia shoo ya Mombasa wanawaza bembea, ngamia na foleni ya magari ya kwenda Mkomani. Asili ya maonyesho haya ni mashindano ya wakulima. Chama kinachoyaandaa kilianza 1901, kikafanya shoo yake ya kwanza Nairobi 1902, na wakati wa ukoloni kilikuja kuitwa cha Kifalme kabla ya kuwa hii ASK tunayoijua, Chama cha Kilimo cha Kenya. Bara walishindanisha ng'ombe na mahindi; sisi wa pwani tulikuwa na nazi zetu, korosho, maembe na mbata. Na makombe makubwa hayakuwa ya kuchukua moja kwa moja. Mshindi alikaa nalo mwaka mmoja, akalirudisha kabla ya shoo ya mwaka unaofuata, na majina ya washindi yakawa yanachorwa moja chini ya jingine.

Babu yangu alikuwa na minazi upande wa Takaungu, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni alishinda kwa mbata yake. Kwa asiyeijua mbata nzuri: ni nazi iliyokaushwa ikabaki nyeupe, unyevu wake usizidi asilimia 6 hivi, ukiikunja inakatika kwa sauti, haina ukungu wala harufu ya moshi. Wengi walikausha juu ya moto wa makumbi na vifuu kwa kuwa ni haraka, lakini moshi huipaka rangi. Babu alianika juani, mvua ikinyemelea akawakurupusha watoto wote wa nyumba waingize majamvi. Shangazi zangu hadi leo wakisikia radi wanatazama uani.

Mwaka wa kulirudisha kombe ukawakuta watu na mambo mengine. Yalikuwa maneno ya Mwambao, nani atautawala ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Oktoba 1963 mkataba ukatiwa saini, Desemba tukapata Uhuru. Hakuna aliyekuja Takaungu kuulizia kombe la mbata. Likakaa kabatini, likatolewa harusini kuwekwa maua, likaazimwa, aliyeliazima naye akaliazimisha, mwisho likawa hadithi ya kusimuliwa kwenye matanga.

Aliyeliona ni binamu yangu, katika duka la rejareja njia ya Kilifi, limo ndani ya gunia la kunde. Mwenye duka alikuwa akipimia. Mkono mmoja wa kombe haupo, wa pili umegandishwa kwa donge la risasi, ubavuni limebonyea, kitako chake cha mbao kimekwenda na maji, na kwa weusi usingelitofautisha na sufuria ya mkaa. Binamu aliligeuza, akaona herufi. Muuza duka alitaka bei ya sufuria mpya ya kadiri ile, akapewa, akaongezwa na kopo la plastiki asije akakosa cha kupimia kunde zake.

Kabla ya kwenda Mji wa Kale nilipita kwenye duka moja la makombe mjini, kwa kuwa ndiko tunakonunulia makombe ya siku ya michezo ya sacco yetu. Mimi ni mweka hazina, kwa hiyo bei zao nazijua kwa kichwa, na bidhaa yao naijua pia: plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, jina la mshindi kwenye stika, na mwaka ukiisha dhahabu imehamia kwenye kitambaa cha kufutia vumbi. Kijana wa kaunta alilitazama kombe la babu akasema, "Hili mama tunalipiga mashine, linang'aa kama jipya. Hayo maandishi tunayatoa, tunakuwekea mapya kwa leza. Elfu tano tu." Aliposema hayo maandishi tunayatoa, nililifunga kombe kwenye leso nikaaga. Nasema haya kwa sababu bei ile inavutia, na wako watu watakaoikubali bila kujua wanauza nini.

Sasa kwa mzee. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kulitazama kombe, ilikuwa kuniuliza mimi ni nani. Alitaka kitambulisho, akakinakili kwenye daftari, kisha akataka karatasi iliyotiwa saini na mkubwa wa familia kwamba kombe limeletwa kwa ridhaa ya wote. Nilirudi siku nyingine nayo. Wako watakaokereka, mimi sikukereka hata kidogo. Fedha kuukuu ikiingia mjini mara nyingi ina kisa nyuma yake, na fundi asiyeuliza ndiye anayepokea za wizi. Vitu vya wateja haviwekwi dirishani pia, vinalala kwenye sanduku la chuma lililofungiwa ukutani. Nilipomtania kwamba ananinyima kuonyesha kombe langu, alinisimulia kombe la FA la Uingereza, lile la kwanza kabisa: Aston Villa walipolishinda walilikubali liwekwe kwenye dirisha la duka la vifaa vya mpira mjini Birmingham, na Septemba 1895 likaibwa usiku. Halijapatikana mpaka leo, ikabidi litengenezwe jingine. Mzee ni shabiki wa mpira kupita kiasi, tahadhari usije ukamchokoza siku ya mechi.

Kisha akaligeuza kombe kichwa chini, akavaa kioo chake jichoni, akasugua chini ya mguu kwa kidole kilicholowa. Zikajitokeza alama nne ndogo kwa mstari: herufi za aliyelifua, nanga, simba anayetembea, na herufi moja pekee. Ile nanga kwetu imezua mengi. Mjomba mmoja alishikilia maisha yake yote kwamba kombe lilitoka kwenye manowari. Mzee alicheka. Nanga ni alama ya Birmingham, kwamba ndiko lilikopimwa. London wangepiga kichwa cha chui. Simba anayetembea maana yake ni fedha halisi, sehemu 925 kwa 1,000, zilizobaki kwa kawaida huwa shaba ya kuipa ugumu. Ile herufi ya peke yake ni mwaka wa kupimwa.

Aliniambia nishukuru, maana makombe mengi anayoletewa huwa yameandikwa EPNS, na hayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliovikwa ngozi nyembamba ya fedha kwa umeme. Ufundi huo kina Elkington wa Birmingham waliuchukulia hataza 1840, na kombe la namna hiyo ukilipiga mashine mara kadhaa unafika kwenye nyama ya njano. Hata hivyo hakuziamini alama peke yake. Alikwaruza padogo sana ndani ya mguu, pasipoonekana, akadondosha tone la asidi. Chuma cha shaba-shaba kingetoka kijani. Letu lilitoka weupe wa tui. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na hapo ndipo nilipoona kwa nini watu humvumilia.

Lile donge la risasi lililoushika mkono wa pili liliwekwa na mtu fulani, zamani, kwa chuma cha kulehemia redio. Mimi nilidhani litayeyushwa tu. Mzee alisema hapana, na akaeleza bila haraka huku akikwangua. Lehemu ya risasi na bati huyeyuka chini ya nyuzi 200. Lehemu ya fedha inataka zaidi ya 600. Ukikiacha hata kipande cha risasi kwenye fedha ukaja kuitia moto wa nyuzi 600, risasi inaingia ndani ya fedha na kuila, unabaki na matundu mahali palipokuwa pazima. Kwa hiyo alikwangua kwa kijembe, akapiga tupa nyembamba, akafuta, akavaa kioo, akakwangua tena, na mkono ulipotoka mikononi mwake hakukuwa na alama ya kijivu hata ya kichwa cha sindano. Fundi wa haraka angeiruka hatua hii, na mteja asingejua mpaka kombe litoboke.

Kunyoosha bonyeo nilikuona kwa macho yangu kwa kuwa nilikataa kuondoka. Fedha iliyogongwa sana huwa ngumu na ukizidi kuigonga inapasuka, basi kwanza hulainishwa kwa moto. Mzee alifunga mlango, akazima taa. Nilishangaa, nikafikiri ni mambo ya siri za masonara. Kumbe ni ili aone rangi: fedha ikifikia joto lake inakuwa nyekundu iliyofifia, na kwenye mwanga wa mchana huioni mpaka umeshapitiliza. Tochi ya gesi ikizunguka, mzee kimya, kombe likaanza kuonekana lenyewe gizani, wekundu wa mbali, akaondoa moto papo hapo. Likaingia kwenye maji, kisha kwenye asidi iliyozimuliwa. Baada ya hapo alilivalisha kwenye kigingi cha chuma kilichochongwa kwa mviringo na kuligonga kwa nyundo ya mbao, vipigo vidogo vidogo, akilizungusha kidogo kila kipigo. Hakupiga kwa nguvu hata mara moja. Bonyeo lilirudi polepole hadi ukipitisha kidole hulihisi, ingawa ukilitazama kwa ubavu kwenye mwanga wa dirisha bado kivuli chake kipo. Alisema angeweza kukiondoa na kivuli, ila upande ule umechorwa majina na hataki kuusugua. Nikasema kiache.

Mkono uliopotea ndio ulionipa wasiwasi. Tulikuwa na picha moja ya zamani ya babu amelikumbatia kombe, amevaa kanzu na koti, na mikono yote miwili ya kombe inaonekana. Picha ilimsaidia mzee kujua imepindaje. Kiolezo hasa kilikuwa ule mkono uliosalia. Alichukua mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni na kufungiwa ndege kizimbani, akaupasua katikati, akausugua nusu zote mbili hadi zikalala sawa, kisha akaubana mkono wa zamani katikati yake kwa nguvu ya viganja. Mfupa wa dome ni laini, unakubali alama kama udongo, lakini unavumilia fedha iliyoyeyuka. Akauondoa mkono, akachonga njia ya kumiminia, akafunga nusu mbili kwa waya, akamimina. Chumba kikanuka pwani iliyoungua. Ilipotoka ilikuwa na mistari ya mawimbi ya ule mfupa, akaipiga tupa na msasa mpaka ikaisha.

Fedha ikipoa hunywea, kwa hiyo mkono mpya ni mwembamba kidogo kuliko wa zamani. Ukiliweka kombe mezani hutambui. Ukilishika kwa mikono miwili unatambua. Na ndani ya mkono mpya, upande unaolitazama kombe, mzee amepiga mwaka huu kwa tarakimu ndogo. Sikumwomba. Alisema atakayelipata baada yetu asije akadanganyika kwamba mikono yote ni ya Birmingham.

Usafi. Sisi nyumbani vyombo vya shaba tunavisugua kwa ndimu, ukwaju na majivu, na kwa shaba ni sawa kabisa. Kwa fedha, mzee anasema, majivu yanakwaruza na ukwaju hausaidii kitu. Weusi wa fedha si uchafu uliotua juu. Ni fedha yenyewe iliyoshikana na salfa ya hewani, na salfa inatoka kwenye moshi, mayai, sufu, hata raba. Ukisugua weusi unasugua fedha. Kwa hiyo alitandika karatasi ya alumini kwenye beseni, akaweka magadi, akamimina maji ya moto, akalilaza kombe liguse alumini. Maji yakanuka yai viza. Alumini ndiyo inayoichukua ile salfa na fedha inabaki mahali pake. Halafu, na hili ndilo ninalomshukuru zaidi, hakulisafisha mpaka mwisho. Kwenye mikato ya herufi na nakshi za ukingo aliuacha weusi, ndiyo maana majina yanasomeka ukiwa umesimama mlangoni. Lile duka la mashine lingenipa kioo.

Na majina ndiyo yaliyoleta ugomvi, si na mzee, bali nyumbani.

Kombe liliposafishwa tuliona orodha yote. Jina la babu halimo. Orodha inaishia kwa mshindi wa mwaka uliomtangulia. Kwa wanaojua utaratibu wa makombe ya kupokezana hili halishangazi: jina lake lilikuwa lichorwe kombe likirejeshwa, na halikurejeshwa. Kaka zangu wawili walitaka lichorwe sasa, kwa herufi zile zile, chini ya la mwisho, na waliniagiza nikamwambie fundi. Nikamwambia. Mzee alilishika kombe kwenye mwanga, akapitisha ukucha chini ya jina la mwisho.

"Dadangu, mkono wa huyu mchoraji naweza kuuiga," akasema. "Hata mwanawe asingejua. Ndiyo maana sitaki."

Alichopendekeza ni kitako kipya cha mbao chenye kibao cha fedha, na juu yake yaandikwe yaliyo kweli: kwamba babu alishinda, kwamba yeye ndiye aliyekuwa nalo lilipopotea, na kwamba kibao kimewekwa na wajukuu mwaka huu. Kaka mmoja alikubali. Wa pili amenuna hadi leo, anasema tumemlipa fundi atukatalie. Mimi naona pale ndipo pesa yetu ilipofanya kazi kuliko pote. Jina lililopachikwa chini ya orodha lingeonekana sawa na mengine yote. Kibao kinamweleza mgeni kisa kizima, na hakuna wa kuja kukitilia shaka. Maandishi ameyachora kwa mkono kwa kalamu ya chuma, na ukiyaweka karibu na jicho unaona kila mkato una kina kinachoanza chembamba, kinanenepa, kinakwisha chembamba. Leza haitoi hivyo. Kitako alikichonga seremala wa mtaa wa pili, mvule mkavu, kazi safi, sina la kuongeza.

Yapo ya kulalamikia. Kazi aliahidi itakwisha kabla ya Ramadhani. Nililichukua kombe baada ya Idi. Katikati ilikuwa mara stima imekatika, mara gesi imekwisha, mara mjukuu anaumwa, na simu hapokei kwa kuwa inakaa kwa mjukuu huyo huyo. Kuchelewa kwa kazi ya mkono nakuelewa. Nisichokielewa ni kuambiwa "njoo Alhamisi" na mtu anayejua vyema kwamba Alhamisi haitakuwa tayari. Aseme tu hajui. Ukiwa na shughuli, harusi au shoo yenyewe, mpelekee mapema sana, na tarehe utakayomtajia iwe ya uongo.

Risiti nayo ni ukurasa wa daftari, umeandikwa kwa mkono bila muhuri. Malipo ya M-Pesa yanakwenda kwa jina la binti yake, jambo alilonieleza baada ya mimi kusita kubonyeza. Kwa matumizi ya nyumbani si kitu, ila kama unalipia kwa pesa za kikundi, jiandae kueleza kwenye mkutano. Chumba ni kidogo, kina joto na harufu ya asidi, mwenye pumu asikae mumo. Kahawa tungu ipo, ya bure, na inakuja na tende.

Bei: fedha ya mkono alinitoza kwa gramu kwa bei ya siku ile, ikafika Sh9,700. Ufundi wote Sh16,000. Kitako na kibao Sh6,500. Jumla Sh32,200. Kifuniko hatukufanya. Ukingo una ngazi ndogo inayoonyesha kilikuwepo, lakini kwenye picha kiwiko cha babu kimepaziba, na mzee hakutaka kubuni kitu asichokiona. Sh32,200 si pesa kidogo, na kwa kombe la EPNS sidhani ingefaa. Mwenyewe atakuambia hivyo kabla hujatoa pochi, maana nilimsikia akimrudisha bwana mmoja na buli lake akamwambia anunue jingine.

Najua kuna atakayeuliza kama kombe ni letu. Mzee naye aliuliza. La kupokezana si la aliyelipokea wa mwisho, na tumeshakubaliana hivyo, hata yule aliyenuna. Barua ya kulirudisha tumeiandika na picha za alama zote nne tumeambatisha. Picha hizo alizipiga mzee kwa kupitia kioo chake, hakutoza.

Ukienda kwake, chukua kitambulisho na ile karatasi ya familia mapema usije ukarudishwa. Picha yoyote ya zamani ya kitu chako, hata mbovu, ibebe. Usikisafishe kwanza, anakasirika. Usikifunge kwa gazeti wala kwa raba, tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato. Asubuhi ni bora kuliko alasiri, Ijumaa hufunga mapema kwa swala, na Jumapili huwa yupo lakini mlango ameurudisha, basi gonga.